Mkono wa kinyago na euro 40

Picha ya kwanza aliyonitumia dada kutoka Hamburg ilikuja bila neno. Kiganja chake kiko wazi, na juu ya kiganja umelala mkono mwingine, mweusi, mwembamba, mrefu kama kidole cha shahada. Vidole vyake vitano vimechongwa hadi kucha zinaonekana. Nilidhani ananionyesha ufundi wa kazi, nikamrudishia kopa jekundu. Ndipo akaandika: "Mdogo wangu, huu nimeuokota chini ya boksi."

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 18 Novemba 2023. Barua ya mwisho kuhusu mkono ule wa kinyago nilichomtumia niliipokea Machi mwaka uliofuata. Katikati ya tarehe hizo nimejifunza mambo ambayo sikuwahi kudhani yananihusu: sheria za usafiri wa anga, tabia ya mti wa mpingo wakati wa baridi, na maana halisi ya mstari mmoja wa fomu ambao sisi wote huujaza haraka haraka huku foleni ikitusukuma mgongoni. Kampuni iliyobeba mzigo sitaitaja. Waliniudhi, ndiyo, ila hoja iliyonimaliza niliwaandikia mimi, kwa mwandiko wangu, kwenye kaunta yao.

Kinyago nilikinunua Mwenge, Dar es Salaam, kwenye kijiji cha vinyago, kwa ajili ya dada aliyekuwa anatimiza miaka 50. Ni kile cha mtindo wa ujamaa: watu wamepandana kutoka chini hadi juu, mama kabeba mtoto, mtoto kashika mguu wa babu, babu kainuliwa na wajukuu, na katikati kuna matundu unayoweza kupitisha mkono ukatokea upande wa pili. Wote wametoka kwenye gogo moja. Hakuna gundi wala kiungo. Mzee aliyekichonga alianzia milioni moja na laki mbili, tukaelewana laki nane na nusu. Alichukua wembe akakwangua kitakoni nione kwamba weusi unaendelea hadi ndani, maana wapo wanaouza mti wowote uliopakwa kiwi. Akaniuliza kinakwenda wapi. Nilipomwambia Ulaya akasema, "Basi kipime kwanza, kisizidi kilo kumi." Alikuwa anajua alichosema. Miti ya jamii ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, imeingizwa kwenye orodha ya CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017, na bidhaa iliyokwisha kutengenezwa inasamehewa kibali cha mkataba huo ikiwa mti wake hauzidi kilo 10 kwa mzigo mmoja. Changu kilikuwa na kilo 8 na kidogo. Laki saba nililipa kwa simu, iliyobaki nikampa mkononi. Risiti sikuomba. Nani anaomba risiti Mwenge?

Nilikifunga mwenyewe nyumbani. Kwanza kanga, kisha vipande vya sponji vilivyobaki kwenye kochi letu la zamani, kisha ile nailoni yenye mapovu ya hewa, mizunguko minne. Sponji iliishia pande tatu. Upande wa nne nilijaza magazeti yaliyokunjwa. Niliona kabisa kwamba upande ule ni mwepesi, nikajiambia inatosha. Nje nikaandika kwa kalamu nene KINAVUNJIKA, kwa Kiingereza na kwa Kijerumani alichonitumia dada, nikaona nimemaliza kazi. Baadaye nimekuja kuelewa kwamba maandishi hayo ni dua tu. Vifurushi vinapita kwenye mikanda ya mashine, vinadondoka kutoka mkanda hadi mkanda, vinabanwa na vingine vya kilo 30. Mkanda haujui kusoma.

Kwenye kaunta nilipewa karatasi mbili. Ya kwanza ni hati ya mzigo: nani anatuma, nani anapokea, uzito kilo 9.4, na sehemu ya kuandika thamani kama unataka kile walichokiita bima. Nikaandika shilingi 850,000, nikalipa nyongeza. Ya pili ni tamko la forodha. Hapo nilisita. Dada alikuwa ameniambia kwamba zawadi ya mtu binafsi kwenda kwa mtu binafsi ikiingia Umoja wa Ulaya haitozwi kodi ikiwa thamani yake haizidi euro 45. Juu ya hapo, Ujerumani inadai kodi yake. Nilimwangalia mhudumu, naye akaniangalia. "Andika unayoijua wewe, dada," akasema, kwa sauti ya mtu aliyesema maneno hayo mara nyingi. Nikaandika euro 40.

Kila ninayemjua aliyewahi kutuma zawadi nje amefanya hivyo. Simu mpya inaandikwa imetumika, vitenge vya dukani vinaandikwa nguo kuukuu, na tunaona tumemsaidia ndugu. Sikuona kama nimedanganya. Niliona nimekuwa mjanja.

Mzigo ulifika Hamburg Jumatano tarehe 15. Mletaji alimpa dada kishikwambi asaini kwa kidole, akasaini mlangoni, boksi likiwa bado limefungwa, akakimbilia zamu yake ya usiku. Hakulifungua hadi Jumamosi. Kwa bahati, dada ni mtu asiyetupa boksi. Ana stoo nzima ya maboksi, tumemcheka kwa hilo miaka ishirini. Safari hii boksi ndilo lililokuwa shahidi wetu: kona moja ya chini ilikuwa imeingia ndani kama iliyopigwa nyundo. Akapiga picha pande zote sita, akapiga vilivyokuwa ndani kwa mpangilio uleule aliovikuta, akapiga lebo, akapiga mkono na mahali ulipokatikia. Jumapili niliandika barua pepe ya malalamiko.

Barua hiyo ya Jumapili, niliyoiandika kwa hasira huku wali unaungua, ndiyo jambo la maana kuliko yote niliyofanya, na sikujua. Ukisaini kupokea mzigo bila kusema kitu, saini yako inahesabiwa kuwa umeupokea ukiwa mzima, mpaka uthibitishe vinginevyo. Kwa mzigo wa ndege wa kimataifa una siku 14 tangu kuupokea za kulalamika kwa maandishi. Zikipita hizo, huna kesi. Kupiga simu hakuhesabiki, na kumweleza mhudumu kaunta akupe pole hakuhesabiki pia.

Wakanitumia fomu. Nikajaza, nikaambatanisha picha. Tarehe 21 Desemba, watu wanakata tiketi za kwenda Moshi na Bukoba, likaja jibu. Lilikuwa fupi, la adabu, na lilikataa. Sababu tatu. Kwanza, ufungaji haukutosheleza. Pili, uharibifu umetokana na kasoro ya asili ya bidhaa, kwa kuwa mti hupasuka wenyewe hali ya hewa inapobadilika. Tatu, thamani iliyodaiwa hailingani na nyaraka za mtumaji.

Nililia kidogo, nasema kweli. Halafu nikampigia binamu yangu anayetuma mizigo Mwanza kwa basi kila wiki, akacheka hadi akakohoa. "Wewe angalau umepewa sababu," akasema. Risiti yake ya basi imeandikwa kwa chini kwamba kampuni haihusiki na vitu vinavyovunjika, na siku televisheni ya mteja wake ilipofika ina ufa katikati, kondakta alimwonyesha mstari ule kwa kidole, wakaachana. Nilimwambia maneno hayo ya risiti huenda yasingesimama mbele ya hakimu. Akaniuliza hakimu nauli yake ya kumfikia nani analipa.

Mwaka mpya ulipoanza nikakaa chini na ile barua. Niliisoma mara ya kwanza nikiwa nimekasirika na mara ya pili nikitafuta pa kuwatukana. Mara ya tatu ndipo nilipoona kitu: hakuna mahali wanaposema kinyago hakikuvunjika, wala kwamba kilivunjika nje ya mikono yao. Walichobisha ni sababu na bei tu. Kumbe yale maelezo yangu marefu ya kwenye fomu, kwamba ni zawadi ya miaka 50, kwamba dada amelia, hayakuwa na kazi yoyote. Hakuna aliyekuwa ameuliza hilo.

Nikaanza na swali ambalo ningepaswa kuliuliza kaunta: bima yenyewe iko kwa nani? Nilitaka jina la kampuni ya bima na namba ya mkataba, maana nilikuwa nimesikia kuhusu Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyotokana na Sheria ya Bima ya 2009, ambako mtu wa kawaida anaweza kupeleka mgogoro wake na kampuni ya bima bila wakili. Jibu lilikuja baada ya wiki. Hakuna kampuni ya bima. Nilichonunua kinaitwa tamko la thamani: msafirishaji mwenyewe anakubali kuwajibika hadi kiasi fulani kwa ada ya nyongeza. Neno bima lilikuwa la mdomoni tu, kaunta, kama tunavyoita kila sabuni ya unga kwa jina la ile moja. Kwa hiyo huyo Msuluhishi hakunihusu, wala TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Mlango wangu ulikuwa kampuni yenyewe kwanza, na wakinikatalia kabisa, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa sababu ndiyo inayotoa leseni za kusafirisha vifurushi na ndiyo inayopokea malalamiko ya wateja wao. Ningejua haya Desemba nisingepoteza wiki nzima kutafuta ofisi isiyokuwa yangu.

Baadaye nikageuza hati ya mzigo. Nyuma kuna maandishi madogo, yamebanana kama mchwa, na katikati yake kuna maneno Mkataba wa Montreal. Ni mkataba wa mwaka 1999 kuhusu usafiri wa anga wa kimataifa, na Tanzania na Ujerumani zote zimo. Mizigo ya posta yenyewe, ile ya mashirika ya posta ya serikali, hauigusi. Hiyo ina taratibu zake chini ya Umoja wa Posta Duniani. Lakini kifurushi cha kampuni binafsi kinachopanda ndege kwa hati ya mzigo kinaangukia humo. Nikausoma wote, usiku mbili, na kamusi pembeni.

Mambo mawili yalinifanya nikae wima. La kwanza ni kwamba mzigo ukiharibika katika usafiri huo, msafirishaji anawajibika. Anaweza kujitoa akionyesha kwamba umeharibika kwa kasoro yake ya asili au kwa ufungaji mbovu wa mtu mwingine asiye yeye, lakini kuonyesha huko ni kazi yake. Barua yao ilikuwa imeandikwa kana kwamba mimi ndiye ninayepaswa kuthibitisha kuwa mti haukujipasua. Kumbe mzigo wa ushahidi ulikuwa wao, nao walikuwa wameutua kichwani kwangu kimya kimya, mimi nikaubeba.

La pili ni hesabu. Mtu asipotamka thamani yoyote, kuna kikomo kinachokwenda kwa kilo. Kwa wakati ule kilikuwa SDR 22 kwa kilo, na SDR ni kipimo cha fedha cha IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, kilichokuwa karibu dola 1.3. Tangu mwisho wa Desemba 2024 kikomo kimepanda hadi 26. Kwa kilo zangu 9.4, kwa kikomo cha wakati ule cha 22, ni SDR 206.8, sawa na dola 270 hivi, karibu laki saba. Hicho ni kikomo, si malipo ya moja kwa moja. Hulipwi zaidi ya hasara uliyopata. Na ukitamka thamani na kulipia nyongeza, kama nilivyofanya mimi, kikomo kinakuwa kiasi ulichotamka. Isipokuwa, mkataba unasema, msafirishaji akithibitisha kwamba kiasi hicho kinazidi maslahi halisi ya mtumaji. Nilipita juu ya sentensi hiyo ya mwisho kama anayeruka dimbwi. Ingenirudia.

Nikapeleka picha Mwenge. Mzee aliweka miwani, akaivuta picha kwa vidole viwili hadi mkono uliokatika ukajaa kioo cha simu. "Huyu aliyesema mti umejipasua, amewahi kushika tezo?" Akaokota kipande cha gogo pale chini, kimekaa muda, kina nyufa. Zilianzia katikati, kwenye moyo wa gogo, zikatawanyika kwenda nje kama miale ya jua kwenye mchoro wa mtoto. Mti hupasuka ukikauka kwa sababu nje kunakauka kabla ya ndani, akanieleza. Panapobishana ni pale penye unene. Kitako cha kinyago ndicho kingepasuka. Mkono mwembamba kama ule unakauka wote kwa pamoja, hauna wa kubishana naye. Halafu akanionyesha kitu kingine. Nyuzi za mti zinasimama kufuata gogo, lakini mkono umechongwa umekaa mshazari, kwa hiyo pale kiwikoni nyuzi ni fupi, zimekatizwa. Ndiyo sehemu dhaifu ya kinyago chochote cha namna ile. Ikipata pigo, inachomoka pale pale. Na imechomoka pale pale.

Nilimwomba aandike. Akaandika, nusu ukurasa wa daftari, na chini yake akaniandikia na risiti ya 850,000 ambayo tungepaswa kuandikiana Oktoba. Karatasi nzuri, ila nilijua wataisoma vipi: maneno ya aliyeuza.

Hapo dada akaingia, kwa njia ambayo sikuitegemea. Mtoto wake anajifunza klarineti. Chombo kile, kama hujawahi kukishika, kinatengenezwa kwa mpingo. Kwa Kijerumani wanauita Grenadill, lakini ni Dalbergia melanoxylon yuleyule, na unaovunwa kwa ajili hiyo hutoka zaidi Tanzania na Msumbiji. Dada alipopeleka klarineti ya mtoto kwa fundi wa kurekebisha, alibeba na kinyago, kimefungwa kwenye taulo. Fundi yule aliacha klarineti akashika kinyago. Alikigeuza, akanusa sehemu iliyokatika, akauliza kimetoka wapi. Dada alipomjibu akasema ameufanyia kazi mti huu maisha yake yote na hajawahi kuuona ukiwa na watu ndani.

Nyufa za kukauka ndiyo riziki yake. Kila majira ya baridi, mitambo ya joto ikiwashwa na hewa ya ndani ikikauka, watu wanamletea klarineti zilizopasuka. Kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa. Ufa wa kukauka, alisema, unafuata nyuzi, ni mwembamba, una mwanzo na unaishia mahali, na unajifunga hewa ikipata unyevu. Hiki ni kivunjo: nyuso mbili zenye miiba midogo inayokaana kama meno. Na kitako, penye unene wote, hakina hata mstari mmoja. Zaidi ya hapo, kinyago kilikuwa ndani ya boksi siku tisa tu kabla ya kufika, na siku tatu zaidi hadi kufunguliwa, bado kimezungushiwa kanga na nailoni. Mti mzito kama ule haubadiliki hivyo kwa siku chache ndani ya nailoni. Aliyaandika yote kwenye karatasi yenye nembo ya karakana yake, na mhuri. Nilipoiona ile PDF nilicheka peke yangu kwenye daladala: mzee wa Mwenge na mjerumani wa klarineti, hawajuani, wamesema neno moja kwa lugha mbili.

Kuhusu ufungaji sikuwa na ushujaa mwingi, maana niliujua upande wa magazeti. Nilifikiri kuificha ile picha. Dada akakataa, yeye ndiye aliyenilea, hata sasa akikataa kitu nakiacha. Tukatuma zote, na magazeti yakionekana. Ila zilipowekwa pamoja zilisema jambo ambalo nisingeweza kulisema kwa maneno: kona iliyopondeka na mkono uliokatika vilikuwa upande mmoja, upande wa sponji. Magazeti yalikuwa upande wa pili, na huko hakuna kilichoguswa. Nikaongeza kwamba mhudumu wao alilishika boksi, akalitikisa, akaongeza soloteipu yake juu, akalipokea bila kusema halifai. Hilo peke yake halitoshi kisheria, nadhani, lakini halikuwaharibia usiku wao wala wangu kulitaja.

Rufaa niliituma katikati ya Januari. Ukurasa mmoja na nusu. Sikuandika dada amelia. Nilichukua sababu zao tatu kwa maneno yao wenyewe, nikajibu ya kwanza, nikajibu ya pili. Kwa ya tatu niliweka risiti ya mzee na ujumbe wa malipo ya simu wa laki saba, wenye tarehe. Nikasema nasubiri siku 30, kisha nakwenda TCRA.

Jibu la kwanza lilikuwa simu, ya mama mmoja mwenye sauti ya upole. Akaniambia wameondoa hoja ya kasoro ya asili. Ya ufungaji pia hawataisimamia. Nilikuwa nimekwisha kusimama, nikizunguka sebuleni. Kisha akasema, "Sasa, dada yangu, hii ya tatu. Mzigo una thamani mbili." Akanisomea polepole. Hati ya mzigo, 850,000. Tamko la forodha, euro 40, na juu yake mstari uliochapwa unaosema natamka kwamba maelezo haya ni sahihi, na chini yake saini yangu. "Tukikulipa laki nane na nusu," akasema, "tutakuwa tumekubali kwamba tumepitisha tamko la uongo forodha ya Ujerumani. Wewe unataka tuandike hivyo?"

Nilikaa kimya. Nikamwambia nina risiti. "Risiti ninaiona," akasema. "Naiamini pia. Lakini hii nyingine nayo umeisaini wewe."

Ndiyo sentensi niliyoiruka. Msafirishaji akithibitisha kwamba kiasi kilichotamkwa kinazidi maslahi halisi ya mtumaji. Kwa hoja mbili walikosa ushahidi. Kwa hii ya tatu ushahidi niliwapa mimi, kwa mwandiko wangu. Na nilipofikiria kwenda TCRA, nilijiona nikiingia ofisini na bahasha yenye picha, barua ya mzee, barua ya mjerumani, na katikati yake karatasi ya forodha yenye jina langu. Dada naye ndiye aliyeandikwa kama mpokeaji. Ana miaka yake 20 katika nchi ile, ana kazi, ana watoto. Sikuwa tayari kumwingiza kwenye mazungumzo na forodha kwa ajili ya mkono wa mti.

Machi wakalipa euro 40 kamili. Nauli hawakurudisha, na nauli peke yake ilizidi laki nne.

Watu wameniuliza kama najuta kupigana. Hapana, ingawa si kwa sababu ya zile euro 40, ambazo dada alinunulia keki. Ile barua ya Desemba ilikuwa imejaa hoja zilizotungwa kwa kutegemea kwamba sitajibu, na mbili kati ya tatu zilianguka kwa kuguswa tu. Jirani yangu mmoja alikuwa na barua inayofanana nayo, sababu ya kwanza neno kwa neno, kwa seti ya vikombe alivyotumiwa kutoka Dubai. Yeye thamani yake ilikuwa moja kwenye karatasi zote. Nilimkalisha mezani kwangu tukaandika pamoja, jioni moja, na wiki sita baadaye akalipwa vikombe vyote sita ingawa vilivunjika vinne. Alinipa viwili vilivyobaki. Navinywea chai sasa hivi.

Kinyago kiko sebuleni kwa dada. Fundi wa klarineti alikataa kumwachia aondoke nacho kikiwa kimevunjika. Ana chupa ndogo ya unga wa mpingo, unaobaki kwenye mashine anapokata viungo; aliuchanganya na gundi kali, akaziba pale kiwikoni, akasugua kwa msasa laini, akapaka mafuta. Alitoza euro 65. Ukipitisha kidole unahisi kitu kama kovu la chanjo. Mzee wa Mwenge nilipompelekea picha aliiangalia kwa muda mrefu, akauliza huyo bwana anapata wapi unga. Nikamweleza. "Kwa hiyo wametuma mti wetu kwenda kutibu mti wetu," akasema, akarudi kwenye gogo lake.

Juni iliyofuata dada aliomba mbuzi. Ya kukunia nazi. Ya kwake ililegea miguu, na samaki wa nazi ya kopo amechoka naye. Nilinunua moja nzuri Kariakoo, kiti cha mninga, chuma kimenolewa, shilingi 35,000, na risiti nikaomba hadi muuzaji akaniuliza kama natoka TRA, kwa watu wa kodi. Nilifunga meno ya chuma kwa vipande vya ndala, nikazungusha sponji pande zote nne na chini na juu, nikaweka boksi ndani ya boksi. Kwenye kaunta nikaandika 35,000 kwenye hati ya mzigo, na kwenye tamko la forodha nikaandika euro 12, ambazo kwa bei ya siku hiyo zilikuwa ndizo hizohizo. Mhudumu alikuwa yuleyule. Akaniuliza kama nataka na bima.

"Ni bima au ni tamko la thamani?" nikamuuliza.

Akatabasamu kama mtu aliyeshikwa. "Tamko la thamani."

"Mbuzi haivunjiki," nikamwambia, nikatoa simu nikaanza kupiga picha boksi, pande zote sita. Nyuma yangu foleni ilikuwa imefika mlangoni. Kijana mmoja akanong'ona kwa mwenzake, nusu nisikie, kwamba huyu dada anaaga maiti.